Mtandao wa Anguyo

Jumapili, saa mbili usiku, saa ya bando la bei nafuu,
nampigia kwanza Drateru wa Juba,
namwambia subiri, usikate.
Nampigia Candiru wa Dubai. Subiri.
Nampigia Onzima wa Nebbi, ambaye hupokea mpaka mara ya tatu,
na mwisho Anguyo, kifungua mimba, aliye Kampala.
Kisha nabonyeza neno moja: unganisha.

Mama amekwisha panga viti.
Vigoda vinne, kimoja kwa kila sauti,
na simu juu ya kinu kilichopinduliwa,
hapa Ediofe, chini ya anga tupu,
maana paa liliondoka na upepo wa Alhamisi
na tumeokota bati moja tu, ng'ambo ya Enyau,
limejikunja kama chapati.

Nilijaribu kumweleza.
Nikasema, Mama, ni kama njia panda.
Akasema, njia panda watu hupita, hawaketi.
Nikasema, basi ni chungu kimoja, mikono mingi.
Akasema, mikono naiona wapi?
Nikaacha. Akainamia kinu, akaanza kuwatambua
kwa vinavyowazunguka:
jenereta, huyo Drateru.
Lifti inayohesabu ghorofa kwa Kiarabu, huyo Candiru, bado yumo kazini.
Mbuzi, huyo Onzima.
Anguyo hana kitu nyuma yake,
kimya cha mtu aliyefunga madirisha.

Haloo? Haloo. Nani huyo? Nani amesema nani?
Robo saa ya kwanza ni ya haloo.
Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno.
Hawakuliona neno la Juba likifika limechelewa,
likilikanyaga la Dubai, yote mawili yakisema samahani, sema wewe,
halafu kimya,
halafu yote mawili tena.

Mabati ishirini na manne. Misumari kilo tano. Fundi.
Candiru anasema laki tatu.
Drateru ataleta mbao, asiulizwe zimetoka wapi.
Onzima anatoa mbuzi, na mbuzi anapinga papo hapo.
Na Anguyo?
Mtandao, anasema Anguyo. Mnakatika.
Anguyo, wewe ndiye mkubwa wetu.
Haloo? Haloo? Mnakatika, siwasikii.

Kisha, bila kukatika hata herufi,
tunausikia mlango wake ukigongwa.
Si hodi ya mgeni. Ni ngumi.
Miezi mitatu, Anguyo! Najua umo, taa inawaka!
Na kaka yetu, aliyetufundisha kuhesabu kwa kokoto,
anasema chini chini,
mama, nakuomba, watoto wamelala.

Hakuna anayepumua.
Hata mbuzi wa Nebbi.
Ningeweza kumtoa; iko alama nyekundu kando ya jina lake.
Kidole changu kinakwenda, kinarudi.
Akitoka sasa, atajua tulikuwemo.
Hakuna aliyenionya kuhusu kitu hiki:
unaita watu wanne, na shida zao zinapokea.

Mama anakivuta kigoda cha Anguyo karibu na chake.
Anasema, kwa sauti ya kikao,
"Mtandao wa Anguyo mbaya leo. Tuendelee."

Na tukaendelea. Candiru akafika laki tatu na nusu
kana kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo.
Salio likaisha katikati ya misumari.

Jumatano, usiku mkubwa, simu yangu inalia.
Drateru. Subiri, anasema, usikate.
Anaingia Candiru, pamoja na lifti yake.
Anaingia Onzima, safari hii mara ya kwanza.
Ni sisi tu, anasema Drateru, Mama asijue.
Miezi mitatu ya nyumba Kampala, hiyo ni shilingi ngapi?

Kabla sijajibu,
nyuma yangu, kwenye sakafu ya udongo,
Juba, Dubai na Nebbi wanasikia
kigoda kikivutwa.